Kufunga hamoki kwenye makorongo ya jangwani: mti uutafute mwisho

Swali la msomaji, Tabata, Dar es Salaam: Shikamoo mtaalamu. Oktoba nakwenda Marekani kwa shemeji yangu anayeishi Utah. Tumepanga kutembea siku nne na mabegi mgongoni kwenye makorongo ya Escalante, hasa Coyote Gulch. Nina hamoki, ile bembea ya kitambaa ya kulalia, pamoja na chandarua chake. Hema sina na sitaki kubeba. Shemeji anasema jangwani hakuna miti, nitalala chini nitake nisitake. Mimi nikitazama picha naona miti. Nani mkweli? Nitajuaje kabla ya kufika wapi pa kuifunga, na nikikosa nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Nyote wawili mnasema kweli, kila mmoja na upande wake. Shemeji anaizungumzia nchi ya juu, ule uwanda wa mwamba na mchanga mnaoupita kwa gari kabla ya kushuka korongoni. Huko unaweza kutembea saa nzima usione mti wa kukufika begani. Wewe umeona picha za chini, kando ya kijito, ambako kuna miti minene yenye kivuli kizuri. Kwa hiyo miti utaikuta. Kazi iliyobaki ni kujua kama mti uliokutana nao umesimama mahali ambapo mtu anaweza kulala na akaamka salama. Hapo ndipo wenye hamoki wengi wanapojikwaa: wanatafuta kwanza miti miwili yenye nafasi nzuri, wanafunga, wanajilaza, halafu ndipo wanapoanza kuitazama ardhi. Korongoni anza na maji, fuata ardhi, kisha masharti ya eneo. Mti uje mwisho.

Maji nayaweka mbele kwa sababu ndiyo yanayoua. Makorongo yale yamechongwa na mafuriko, na mafuriko hayajaacha kupita. Mvua ya radi ikipiga mwamba mtupu hainywewi na ardhi. Inateremka yote kwa mkupuo na kukutana kwenye mfereji mmoja. Inaweza kunyesha mbali sana upande wa juu huku wewe umekaa juani. Tarehe 12 Agosti 1997 watembezi 11 walikufa kwenye korongo la Antelope la chini, Arizona, kwa maji ya mvua ambayo haikunyesha pale walipokuwa. Tarehe 14 Septemba 2015 watu 7 walikufa ndani ya Keyhole Canyon, katika Hifadhi ya Taifa ya Zion. Msimu wa radi huanza katikati ya Juni na kuisha mwishoni mwa Septemba, na kilele chake ni Julai na Agosti. Oktoba mmechagua vizuri, ila dhoruba za vuli zipo, kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa wa asubuhi ya kuondoka uusome kwa eneo lote linalotiririkia korongo lenu, hata kama kituo chenu kinaonyesha anga safi.

Mtu aliyejilaza kwenye hamoki yuko kama dhiraa moja juu ya mchanga. Kuning'inia hakukupi usalama wowote dhidi ya maji. Pengine kunakuzidishia hatari, kwa sababu umefungwa ndani ya chandarua na hatua ya kwanza ya kukimbia ni kutafuta zipu gizani. Ukifika mahali unapopafikiria, tazama juu kwanza. Vijiti, majani makavu na magome yaliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope ukutani, gogo lililokwama juu ya jiwe kubwa: vyote hivyo ni saini ya mafuriko yaliyopita. Tafuta saini ya juu kabisa, na uitafute pande zote mbili za korongo. Kwenye kona, maji yanayokwenda kasi hupanda zaidi upande wa nje wa kona, hivyo ukisoma upande wa ndani peke yake utadanganyika. Mahali pa kulala pawe juu ya alama hiyo, na pawe na njia ya kupanda juu zaidi gizani kwa miguu, bila kuhitaji mikono.

Sasa njoo kwenye miti yenyewe, maana kila mmoja una tabia zake.

Ule wa kwenye picha ni kotoniwudi. Mbegu zake hupeperuka na usufi mweupe kama wa msufi wetu, na huota penye maji karibu. Ukikuta kotoniwudi changa zimesimama kwa mstari, zote za unene mmoja, zimeinamia upande mto unakokwenda, ujue zilioteshwa na mafuriko ya mwaka mmoja na zimekuwa zikilazwa na mafuriko ya miaka iliyofuata. Zinapendeza, umbali kati yake ni ule unaoutaka, na ni mtego. Zile kubwa za kwenye viwanja vilivyoinuka ni bora kwa upande wa maji, lakini zina lawama nyingine: hudondosha matawi mazito bila onyo, hata siku isiyo na upepo. Usijilaze chini ya kotoniwudi nzee. Tumia yenye shina la sentimita 20 hadi 40, iliyo hai hadi kileleni, iliyosimama nje ya kivuli cha mama yake.

Wa pili ni ndugu wa mwangati wetu wa Meru na Kilimanjaro ya magharibi: mwangati wa Utah. Usitarajie ule mti mrefu ulionyooka. Huu ni mfupi, mara nyingi mita 3 hadi 6, umejisokota, na unatoa mashina kadhaa kutoka kwenye kisiki kimoja. Mbao yake ni imara na mizizi yake imeshika mwamba kwelikweli. Kwa hamoki ya jangwani mimi huu ndio ninaoupa nafasi ya kwanza, kwa sababu huota kwenye baraza za mwamba, yaani sehemu bapa zilizochomoza kama ngazi, juu ya njia ya maji. Ila jihadhari na jambo moja: mwangati wa Utah unaweza kuishi miongo mingi ukiwa nusu yake imekufa. Shina moja lina majani mabichi, la pembeni yake ni kavu kama mfupa. Fuata shina kwa macho kutoka chini hadi kwenye majani. Kama halina majani mabichi, si la kufungia, hata kama kisiki ni kile kile. Mkanda wa kufungia hamoki uzungushe chini ya tawi kubwa la kwanza, au uzungushe mashina mawili mabichi kwa pamoja.

Unaoota pamoja na mwangati huo ni msonobari mdogo uitwao pinyoni, hasa kwenye kimo cha kama mita 1,500 hadi 2,200. Unafaa, isipokuwa utomvu wake unaganda kwenye mikanda na hautoki. Tatizo kubwa ni ile iliyokufa. Ukame wa 2002 na 2003, ukisaidiwa na mbawakawa wa magome, uliua pinyoni nyingi mno katika nchi ile. Pinyoni iliyokufa huonekana ngumu kwa juu huku mizizi imeoza, na watu wameumizwa vibaya, hata kuuawa, na miti mikavu iliyong'oka kwa kuvutwa na hamoki. Nguvu ya hamoki huvuta mti kwenda ndani, yaani kuelekea ulipolala wewe. Ukianguka, unakuangukia.

Tamariski na miti mingine myembamba ya ukingoni iache. Ni vichaka, hainyooki, na yenye miiba itakutobolea turubai, lile la kutanda juu ya hamoki. Mwaloni wa Gambel utaukuta kwa mafungu. Ukipata shina la zaidi ya sentimita 15, sawa.

Na kuna sehemu ambazo jibu ni hapana kabisa, usipoteze muda. Korongo jembamba kama Buckskin Gulch, ambalo sehemu nyingine unagusa kuta zote mbili kwa mikono, karibu urefu wake wote halina mti wala mahali pa kulala. Ule uwanda wa Tonto ndani ya Grand Canyon ni vichaka vya kufika magotini. Hata hivyo kwenye kambi za chini zenye maji za hifadhi hiyo hiyo, kama Havasupai Gardens, kuna kotoniwudi. Kwenye Zion Narrows wanaolala hupewa moja kati ya kambi 12 zilizotengwa, kwa hiyo huchagui mti, unapewa ulichopangiwa.

Umeuliza utajuaje kabla ya kufika. Kaa na picha za satelaiti jioni mbili au tatu, Tabata hapo hapo, utakuwa umejua zaidi ya nusu. Kwanza tia alama chemchemi na maungano ya makorongo, pale kijito cha pembeni kinapoingia. Miti hujikusanya hapo, na hapo pia korongo hupanuka. Kisha tazama mistari ya kimo kwenye ramani. Ikigusana pande zote mbili za mto, ni ukuta kwa ukuta, pita. Ikiachana upande mmoja, hasa upande wa ndani wa kona, kuna uwanja au baraza. Tatu, linganisha picha za miezi tofauti kama programu yako inaruhusu. Kotoniwudi ni kijani kinachong'aa kuanzia Mei, hugeuka njano Oktoba inavyosogea, na wakati wa baridi hupukutika. Mwangati na pinyoni hubaki na kijani kile kile kizito mwaka mzima. Doa la kijani kizito lililo juu ya mfereji, lenye kivuli chake pembeni, ndilo la kulitia alama kwanza. Urefu wa kivuli unakuambia pia kimo: kivuli kifupi kisichopita upana wa doa lenyewe, mara nyingi ni kichaka.

Hapa kuna jambo linalomchanganya mtu wa kwetu. Dar es Salaam jua la adhuhuri huhamia kaskazini mwezi wa Juni na kusini mwezi wa Desemba, kwa hiyo hatuna mazoea ya kusema upande huu wa kilima una kivuli mwaka mzima. Utah jua liko kusini siku zote, na katikati ya Oktoba adhuhuri limeinuka kama nyuzi 44 tu. Hivyo mguu wa ukuta wa kusini wa korongo, ule unaotazama kaskazini, haupati jua karibu siku nzima. Unyevu hukaa pale, na miti hunenepa pale. Ukitafuta miti, tafuta upande huo. Gharama yake ni baridi, na hiyo nitaifikia.

Kwa kila usiku tia alama sehemu mbili, zikiwa zimeachana kilomita 1 hadi 2, ya pili iwe mbele ya safari. Na upange kusimama saa kumi na moja jioni. Katikati ya Oktoba jua huzama karibu saa moja kasorobo, lakini ndani ya korongo mwanga hukatika mapema zaidi, na mti mkavu na mbichi gizani havitofautiki.

Ukishapata mahali, ukague mti kabla ya kutoa mkanda. Tazama juu: tawi lolote kavu juu ya kichwa chako, ondoka. Sukuma shina kwa bega mara kadhaa huku ukitazama mizizi. Ardhi ikipasuka au kuinuka, ondoka. Gome linalobanduka lenyewe, matundu ya ndege, uyoga kwenye shina: ondoka. Unene usipungue sentimita 15 kwenye usawa wa mkanda.

Vipimo sasa. Nitachukulia hamoki ya kawaida ya kulalia mtu mzima, urefu wa sentimita 335. Ifunge kamba nyembamba isiyonyumbulika kutoka ncha hadi ncha, juu ya kitambaa, yenye urefu wa asilimia 83 ya hamoki, yaani sentimita 278. Kamba hiyo inafanya mkunjo wa hamoki uwe ule ule kila usiku hata miti ikiwa mbali au karibu, na jangwani ambako huchagui nafasi, bila hiyo utahangaika. Mikanda iteremke kutoka mtini kwa nyuzi 30. Nyoosha kidole cha shahada na gumba kama mtu anayeelekeza bunduki: mstari kutoka ncha ya shahada hadi ncha ya gumba unakaribia nyuzi 30, uweke sambamba na mkanda ulinganishe.

Pembe hii siikazanii kwa ajili ya starehe peke yake. Kwa nyuzi 30, mtu wa kilo 80 anavuta kila mti kwa nguvu ya kilo 80. Ukikaza mikanda hadi nyuzi 15, kila mti unavutwa kwa kilo 155. Kwa nyuzi 10 ni kilo 230. Kwenye mkorosho wa Mkuranga utasamehewa. Kwenye mwangati mkongwe uliosimama juu ya mwamba, tofauti hiyo ndiyo inayoung'oa. Kukaza hamoki iwe kama kitanda ndilo kosa la kwanza la kila mgeni, na mwili unakulipa ubaya, maana hamoki iliyokazwa hubana mabega. Ilegee, kisha ulale kwa mshazari, kichwa kidogo kushoto na miguu kidogo kulia. Hapo mgongo unanyooka.

Umbali wa miti unaopendeza ni mita 4.5, sawa na pima mbili na nusu za mikono iliyonyooshwa. Kwa umbali huo mkanda unakaa kama mita 1.6 juu ya ardhi ili kitako chako kiwe dhiraa moja, sentimita 45, juu ya mchanga. Kila mita moja inayoongezeka kati ya miti, panda sentimita 29. Miti ikiwa mita 6, unahitaji kufunga kwenye mita 2 na ushee. Ikiwa mita 7, mita 2.3, na hapo mwangati mfupi hautoshi tena. Kwa upande wa pili, miti iliyo mita 3.5 inataka mkanda kwenye mita 1.3 tu, ambayo ndiyo heri ya miti mifupi: tafuta jozi iliyokaribiana badala ya kulilia kimo. Chini ya mita 3.2 turubai halina pa kupita. Usifunge kamwe juu kuliko unavyokubali kuanguka, na usifunge juu ya jiwe. Chini yako pawe mchanga mtupu, uliopapasa kwa mkono kuondoa mawe na miiba ya mpungate.

Mikanda iwe bapa, ya poliesta, upana usiopungua sentimita 2.5, na kwa miti ya jangwani mimi nasema 4 au 5. Mwangati wenye unene wa sentimita 15 mara nyingi una umri wa zaidi ya karne, na jeraha la gome lake haliponi katika maisha yako. Nailoni hunyumbuka, utajilaza saa tatu usiku na kuamka saa tisa umegusa chini. Kamba ya manila ya dukani inakata gome, inateleza, na jua likishaikausha huwezi kujua lini itakatika. Kariakoo utapata mikanda ya poliesta ya kufungia mizigo ya magari kwa bei nafuu. Soma lebo ya uzito inaoubeba, achana na ile kufuli ya chuma, kata vipande viwili vya mita 4 na ushone kitanzi. Kama huna uhakika na mshono wako, funga fundo la kitanzi badala ya kushona.

Ukikuta mti mmoja tu, tazama mawe. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa mchanga ina uzito wa kama tani 2.2, hivyo jiwe la ukubwa huo lililokaa kwa tumbo lake halitasogezwa na hamoki. Zungusha mkanda chini kabisa ya jiwe, mahali lilipopungua kiuno, na uweke kipande cha godoro la povu au soksi nene kila mkanda unapogusa ukingo. Mwamba ule ni kama msasa. Jiwe refu lililosimama wima, au bamba lililoegemea ukuta, usiliguse: halihitaji kusogea, linahitaji kupinduka tu, na linapindukia upande wako. Usichomeke vifaa vya wapanda miamba kwenye nyufa kama hukufundishwa, na usitoboe mwamba. Mwamba wa mchanga ukilowa hupoteza nguvu zake nyingi na huonekana mkavu kwa nje huku ndani bado una maji, kwa hiyo pembe ya mwamba iliyokufaa jana inaweza kumeguka siku mbili baada ya mvua.

Wengine watakuambia chimbia gunia la mchanga uwe nguzo. Kwa kamba za turubai, ndiyo: kijiti cha shubiri moja kilicholazwa na kufukiwa sentimita 30 kwenda chini kinashika vizuri kuliko kigingi chochote, maana vigingi vya kawaida mchangani vinachomoka kwa upepo wa kwanza. Kwa uzito wa mtu, hapana. Utachimba saa nzima, utaharibu ardhi, na bado hutalala kwa amani.

Hivyo basi nakuomba sana: usiende na hamoki isiyojua kulala chini. Turubai lako liwe la kutosha kusimamishwa na fimbo mbili za kutembelea. Ubebe karatasi ngumu ya kutandika chini, na godoro la povu lililojaa, lisilotumia hewa, unene wa sentimita 1.5 hadi 2. La hewa litatobolewa na mpungate usiku wa kwanza. Chandarua unaweza kukining'iniza chini ya turubai hilo hilo. Jumla haizidi kilo moja juu ya ulichonacho, na inakuondolea ule ulazima ambao ndio chanzo cha maamuzi mabaya, ule wa kusema “mti huu si mzuri lakini ndio uliopo.” Nje ya nchi ya miti, panga kwamba kati ya usiku mitatu mmoja utalala chini. Ukilala chini, kung'uta viatu asubuhi kwa ajili ya nge. Usilale kwenye mapango ya wazi yenye vinyesi vya panya, maana panya wa nchi ile hubeba virusi vya hanta.

Godoro hilo ndilo pia kinga yako ya baridi, na hii mtu wa Dar anaipuuza hadi ajutie. Hamoki inapitisha hewa mgongoni. Kwetu hiyo ni neema, kule ni adhabu. Usiku wa Oktoba unaweza kushuka hadi nyuzi 3 au 5, na mwisho wa mwezi hadi kuganda. Mfuko wa kulalia ukibanwa na uzito wako chini hauzuii chochote, manyoya yamelala. Unahitaji ama blanketi la kufungwa chini ya hamoki kwa nje, au godoro ndani. Blanketi la chini lina raha zaidi, lakini ukilazimika kulala ardhini halina kazi. Kwa safari ya korongo mimi nachagua godoro. Kumbuka pia hewa baridi ni nzito, hutiririka hadi sakafu ya korongo na kutulia pale. Baraza iliyo mita 15 au 20 juu ya kijito ina joto kuliko ukingo wa maji, ndiyo sababu nyingine ya kuupenda mwangati. Kwenye Coyote Gulch utaona tabaka la mwamba liitwalo Kayenta likitengeneza ngazi na baraza chini ya kuta laini za tabaka la Navajo. Baraza hizo ndizo za kuzikagua.

Jioni upepo hushuka korongo kufuata mto. Funga hamoki ikiukata upepo, si kuufuata, na ubavu wa turubai unaoelekea juu ya korongo uushushe hadi karibu na mchanga. Ukifuata upepo, unapita ndani kama kwenye ushoroba.

Masharti. Kulala Coyote Gulch kunahitaji kibali, moto hauruhusiwi, kundi lisizidi watu 12, na kinyesi chenu mnatoka nacho kwenye mifuko maalumu. Muulizeni mtoa kibali waziwazi kama kuna katazo la kufunga kitu chochote mitini katika eneo hilo, kwa sababu masharti hutofautiana hifadhi kwa hifadhi. Kaeni mita 60 kutoka kwenye maji pale upana unaporuhusu. Msikanyage udongo mweusi wenye vinundu kama sukari guru iliyoganda: una viumbe hai vinavyoushikilia mchanga usipeperuke, na ukivunjwa hurejea kwa miongo. Hapa pana mtihani wa kweli, kwa sababu udongo huo unastawi hasa pale mafuriko hayafiki, yaani pale pale unapotaka kulala. Suluhisho ni kutumia sehemu zilizokwisha kukanyagwa na waliotangulia, au mwamba mtupu, na kufika kwa kukanyaga mawe. Mkikuta kuta za nyumba za kale za Wapueblo, msizisogelee. Boriti iliyochomoza ukutani inaonekana kama imewekwa kwa ajili ya mkanda, lakini ina mamia ya miaka, na sheria ya Marekani ya mwaka 1979 inalinda mabaki hayo.

Wewe na shemeji msifunge hamoki mbili kwenye jozi moja ya miti, moja juu ya nyingine. Mzigo unakuwa maradufu na mti mmoja ukishindwa mnaumia wote. Kila mtu na jozi yake, au mmoja alale chini.

Kabla ya kuondoka, nenda ufukwe wa Kigamboni na kila ulichopanga kubeba. Mivinje ya pale ni myembamba na imeachana ovyo, mchanga wake haushiki vigingi, na upepo wa jioni upo: ni shule nzuri. Epuka minazi yenye nazi kichwani. Funga kwa mita 3.5, kisha 4.5, kisha 6, ukiandika kimo cha mkanda kila mara baada ya kulala dakika kumi, kwa sababu vipimo vyangu ni vya hamoki ya kawaida na ya kwako inaweza kupishana kwa shubiri. Halafu fungua kila kitu, ugeuze turubai kuwa kibanda cha chini kwa fimbo mbili na vijiti vya kufukia. Jipime saa. Ikizidi dakika 15, rudia Jumapili inayofuata.